Vitanda vya Wageni

Walimu wanangu, mtawasikia watu wakisema kwamba mwalimu akistaafu, hasira zake nazo hustaafu. Kwamba hukaa kwake Kiogoro akakamua ng'ombe na kusamehe kila mtu. Ng'ombe ninamkamua. Hilo la pili bado.

Nilifundisha Kifaransa hapa Kisii karibu maisha yangu yote ya kazi, kisha nikamalizia Nyamira nikifundisha somo lingine. Sababu ya kuhamishwa ndiyo nitakayowaeleza. Naam, Kifaransa. Najua mnavyocheka. Shemeji yangu mmoja alikuwa na mazoea ya kuniuliza, kila tulipokutana harusini, kama nimekwisha kumpata Mfaransa hata mmoja wa kununua ndizi zetu Nyakoe. Siku moja nilichoka, nikamuuliza yeye na Kiingereza chake chote ni Mwingereza yupi amewahi kumuuzia ndizi. Hakuuliza tena.

Lakini sikuketi kuandika ili nimcheke shemeji. Juzi mmoja wenu alikuja kwangu, kijana mwenye bidii, akiomba nimsaidie kuwakaririsha wanafunzi wake hotuba ya kuwakaribisha wageni. Hotuba ndefu, imejaa maua. Nikamuuliza kama watoto wanaelewa watakachokisema. Akasema, "Madam, si lazima waelewe. Wageni wataelewa." Nilimpa chai, akanywa, akaenda zake. Mimi chakula kilinishinda siku hiyo.

Basi sikilizeni.

Darasa langu lilikuwa mwisho wa jengo la zamani, katika shule ya wasichana ya bweni upande ule wa Nyakoe. Sitaitaja kwa jina, walioko sasa hawakufanya kosa. Sheria ilikuwa moja tu: ukishavuka kizingiti, ni Kifaransa mpaka utoke. Hakuna Kiingereza, hakuna Kiswahili, hakuna Ekegusii. Na hakuna kiboko. Mimi mwenyewe nilisoma wakati wa kibao, kile cha kutundikwa shingoni ukisikika unazungumza lugha ya mama yako, na nikaapa kwamba lugha nyingine haitaingia kichwani mwa mtoto wa mtu kwa njia ile. Ukikosa neno, lichore. Ukishindwa kulichora, liigize. Kuna msichana aliyetaka kusema yai. Alichuchumaa katikati ya darasa, akapiga kelele za kuku, akainuka akionyesha kwa mshangao kitu alichokiacha sakafuni. Hakuna aliyekuwa mle ndani ambaye amewahi kusahau jinsi Wafaransa wanavyoita yai.

Kazi hii nilifundishwa na Mrundi mmoja mzee, Mwalimu Désiré, aliyekuwa amefundisha Kifaransa miaka mingi kabla sijafika. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naingia darasani na orodha za vitenzi kama mtu anayegawa mbegu. Alikaa nyuma akatazama, na tulipotoka akaniambia, "Moraa, mtoto hajifunzi lugha. Anajifunza kusema jambo. Wewe mpe jambo." Alikuwa mtu wa maneno machache na koti moja, na sijaona kitabu kilichonifunza zaidi ya hayo.

Basi nikawapa mambo. Kila asubuhi tulianza na hali ya hewa, na kwa kuwa kwetu mvua hunyesha kila alasiri, walijua kueleza mvua kwa namna nyingi kuliko Mfaransa mwenyewe. Siku ya soko tulipanga madawati yakawa vibanda, tukaleta mboga ya chinsaga, parachichi na mikungu ya ndizi, wakauziana na kugombana bei. Kila muhula makundi yalifanya mradi. Kundi moja lilieleza jinsi majani ya chai yanavyochumwa, kuanzia shambani mpaka kwenye mizani, na mmoja wao alitoa nyimbo na matusi ya wachumaji kwa Kifaransa safi. Kundi jingine lilitakiwa kumwelekeza mgeni kutoka Nyakoe hadi Kisii mjini. Wakachanganya kulia na kushoto, mgeni wao akaishia kwenye machinjio. Tulicheka hadi mwalimu wa darasa la jirani akaja kugonga ukuta.

Niwape na siri ya matamshi, maana naona mnawatesa watoto. Wengi huhangaika na ile r ya Kifaransa, wanaitafuta kwenye ncha ya ulimi. Mwambie mtoto atamke Omogusii jinsi nyanya yake anavyotamka, asikilize ile g ilivyo laini huko kooni. Ipo hapo jirani. Amezaliwa nayo, anachukuliwa tu hatua chache.

Na muwe macho na neno *papa*. Kwetu, kwa Ekegusii, neno baba maana yake ni mama, na baba mzazi huitwa tata. Mtoto anakuja shuleni, Kiswahili kinamwambia baba ni mwanamume. Amekubali kwa shida. Sasa Kifaransa nacho kinamletea *papa*, yaani baba mzazi. Msichana mmoja alichora ukoo wao wote, akamweka *papa* akiwa amejifunga leso, anamnyonyesha mdogo wake. Sikumkosoa mpaka nilipomaliza kucheka.

Sheria ya pili haikuandikwa popote, lakini wote waliijua: katika darasa langu hakuna mtu aliyesema sentensi isiyo ya kweli kwake. Usiseme una mbwa kama huna mbwa. Usiseme unapenda theluji, huijui. Sikufanya hivyo kwa sababu ya dini. Nilifanya hivyo kwa sababu sentensi ya uongo haikai kichwani. Mtoto anaitema mara tu mtihani ukiisha. Ya kweli inakaa.

Sasa, Kerubo.

Kerubo alitoka hapa hapa Kiogoro, kifungua mimba wa mama mchuma chai, Msabato wa kufa na kupona. Hakuwa msichana wa kelele. Alikuwa na tabia ya kusubiri. Ukimuuliza jambo alinyamaza kwanza, ukadhani hajui, kisha sentensi ikatoka imekamilika kama chungu kilichotoka tanuruni. Alikuwa kidato cha pili, na alikuwa bora kuliko wote niliowahi kufundisha. Mwalimu anaruhusiwa kusema hivyo akishastaafu.

Shule yetu ilikuwa na marafiki kutoka ng'ambo, watu wanaozungumza Kifaransa, ambao walikuwa wametujengea bweni jipya. Bweni zuri: madirisha makubwa, vitanda vya chuma, magodoro, mablanketi ya bluu. Na lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Mwalimu Mkuu wetu alisema haliwezi kutumika kabla ya kufunguliwa rasmi na mkubwa fulani, na mkubwa huyo kila mara alikuwa na shughuli. Wakija wageni, bweni lilifunguliwa, wasichana wakaoga, wakaketishwa kwenye vitanda vile, wakapigwa picha. Wageni wakishaondoka, kila mtu alirudi alikotoka.

Walikotoka ni nyuma ya jikoni, ukumbi wa zamani wa mabati. Vitanda viliunganishwa viwili viwili, wakalala watatu au wanne, na mvua ikinyesha ndoo ziliwekwa katikati yao. Sisi walimu tulijua. Tulisema kwenye vikao, tukaambiwa tungoje.

Muhula ule tulikuwa tunajifunza kueleza mahali: kati ya, karibu na, chini ya, nyuma ya. Swali la darasa lilikuwa *Où dors-tu?*, unalala wapi? Mkisema kweli, swali dogo kama hilo linaweza kujaza kipindi kizima. Nyaboke alisema analala kati ya Kerubo na ukuta. Mwingine akasema analala karibu na ndoo. Mwingine akasema ndoo imo kitandani. Walikuwa wanacheka, nami nilikuwa nasahihisha vihusishi, lakini nilipotoka nje nilisimama kidogo kabla ya kwenda kwenye chumba cha walimu.

Mradi wa muhula ulikuwa kumtembeza mgeni shuleni. Kila msichana alichukua sehemu moja akaijifunza: maktaba, zizi la ng'ombe, shamba la mboga, jiko. Mkuu alipopata habari kwamba marafiki wa ng'ambo wanakuja, alifurahi sana. Aliniita akaniambia safari hii wasichana wangu ndio watakaowatembeza wageni, kwa Kifaransa, wageni wataona matunda. Akanipa maneno aliyoandika kwa Kiingereza, ya kusemwa ndani ya bweni jipya: jinsi mwanafunzi anavyolala usingizi mtamu na kuwaombea wafadhili kila jioni. Akataka niyafasiri, Kerubo ayakariri.

Nilimwambia wanafunzi wangu hawakariri; watajibu watakachoulizwa. Alicheka. Akasema mradi tu kiwe Kifaransa.

Siku ilipofika, wageni walikuwa wachache, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa nywele nyeupe aliyetembea kwa fimbo. Walikuwa na kijana wa kuwatafsiria kutoka Nairobi, lakini baada ya zizi la ng'ombe hakuwa na kazi tena. Wasichana walikuwa wanang'aa. Yule mama aliuliza ng'ombe anaitwa nani, akajibiwa, akauliza anatoa maziwa kiasi gani, akajibiwa kwamba hatoi mengi kwa sababu amezeeka, akasema na yeye pia, wakacheka pamoja. Mkuu alitembea nyuma yetu akiwa amefunga mikono nyuma, akitabasamu kila kona. Hakujua hata neno moja, na hakuona haya.

Tukaingia bwenini. Yule mama aliketi kwenye kitanda, akapigapiga godoro kando yake ili Kerubo aketi naye. Akamuuliza, kwa upole kabisa, kitanda chake ni kipi.

Kerubo alinyamaza. Aliniangalia. Sikumwonyesha kitu usoni, maana darasani kwangu mwalimu hamjibii mwanafunzi swali aliloulizwa. Wengine wakamtazama yeye. Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

Kisha akasema. Kwa Kiswahili ni kama hivi: "Hakuna kitanda changu hapa, Madam. Hivi ni vitanda vya wageni. Sisi tunalala nyuma ya jikoni, na mkiondoka mlango huu utafungwa."

Mkuu alipiga makofi. Ndiyo, walimu wanangu, alipiga makofi. Aliona msichana amesema maneno mengi bila kukwama, akadhani hotuba yake imetoka. Akasema kwa Kiingereza kwamba huyu ni mmoja wa nyota za shule. Yule kijana wa kutafsiri aliinama akatazama viatu vyake.

Mama mgeni hakupiga makofi. Aliinuka kwa fimbo yake akamwambia Kerubo ampeleke huko. Wakatoka, sisi tukafuata, Mkuu akiwa bado anatabasamu, akimweleza mtu habari za paa. Tulipofika jikoni badala ya kukata kwenda maktaba, tabasamu lilianza kumwisha. Alisema upande huu kuna matope. Mama alisema haogopi matope. Kerubo akafungua mlango wa mabati, wakaingia. Mvua ya jana ilikuwa bado kwenye ndoo.

Hawakukaa sana. Hakuna aliyepaza sauti. Magari yalipoondoka, Mkuu alimwita kijana wa shamba afunge bweni, akaniita mimi ofisini.

Nilidhani atapiga kelele. Kumbe alikuwa mpole, na huo upole ndio unaonichoma mpaka leo. Alisema tuwe watu wazima. Wageni wameudhika, lakini jambo linatengenezeka. Kifaransa ni lugha ngumu. Mtoto wa kidato cha pili, kutoka vijijini, anaweza kuchanganya maneno. Alitaka kusema hili, likatoka lile. Na ukumbi ule tutasema ni wa muda, wakati bweni linapulizwa dawa. Alichotaka ni mimi, mwalimu wa somo, nizungumze na yule mama kwa simu, nimwambie kwamba Kerubo ni mwanafunzi dhaifu.

"Mwalimu," nikamwambia, "uniombe kitu kingine."

"Sikuombi," akasema.

Nilikataa. Kesho yake Kerubo alitumwa nyumbani akamlete mzazi.

Mama yake alikuja akiwa amevaa nguo za Sabato ingawa ilikuwa katikati ya wiki, na mikono yake ilikuwa bado na weusi wa majani ya chai. Aliketi mbele ya meza ile kubwa, Kerubo amesimama nyuma yake. Mkuu ni Mgusii kama sisi, lakini alizungumza Kiingereza, na mimi nikawa wa kumfasiria mtu mbele ya mwenzake wa lugha moja. Alisema msichana ameitia shule aibu. Alisema anaweza kurudi darasani wakati huo huo, ila kwanza asimame mbele ya shule nzima aseme kwamba alikosea maneno, aombe msamaha.

Nilifasiri. Mama Kerubo alisikiliza mpaka mwisho, kisha hakumjibu Mkuu, alinigeukia mimi.

"Mwalimu, mtoto alisema nini?"

Nikamwambia neno kwa neno.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

Alikaa kimya, sasa nikajua Kerubo ile tabia ya kusubiri aliitoa wapi. Halafu akamwambia Mkuu, kwa Ekegusii, bila kungoja nifasiri chochote, "Basi aombe msamaha kwa lugha gani?"

Mkuu alielewa vizuri sana. Alisema mkutano umekwisha. Mama akatoka akaenda ukumbini, akalitoa sanduku la bati la mwanawe, akalitwika kichwani, wakashuka njia. Kerubo alibeba ndoo na godoro. Wenzake walikuwa darasani, wakawatazama kupitia madirisha.

Mnataka niwaambie haki ilitendeka. Bweni lilifunguliwa, ndiyo. Wageni walikuwa wamelikazania, na muhula haukuisha kabla wasichana hawajalala kwenye mablanketi ya bluu. Yule mkubwa mwenye shughuli nyingi ghafla akapata nafasi, akakata utepe, na Mkuu akashukuriwa hadharani kwa maono yake. Baadaye alipandishwa cheo. Wageni walipouliza yuko wapi yule msichana, waliambiwa familia imehama. Mimi nilipewa uhamisho kwenda shule ya Nyamira ambako hakukuwa na Kifaransa, nikafundisha dini mpaka nilipostaafu. Darasa langu likawa stoo ya viti vilivyovunjika. Kerubo alipata shule ya kutwa karibu na kwao, na huko pia Kifaransa hakikuwepo.

Na jambo moja zaidi, nililolijua baadaye kupitia Nyaboke. Nilipokwisha kuondoka, Mkuu alisimama kwenye paredi akawaambia wasichana wote kwamba mwenzao aliondoka kwa aibu, kwa kuwa Kifaransa chake kilikuwa kibovu na alisema asichokusudia. Hakukuwa na mwalimu wa kumpinga. Aliyejua Kifaransa hakuwepo.

Mwaka jana nilikwenda Mosocho kununua dawa ya kupe. Mwanamke aliyekuwa kaunta aliniangalia, akaweka chini alichoshika, akazunguka mlango wa pembeni, akaja kunishika mikono yote miwili. Kerubo. Duka ni lake, la dawa za mifugo na chakula cha kuku. Ameolewa, ana watoto, mama yake yungali hai na bado anaingia shambani hata akikatazwa. Tulizungumza hayo kwa Ekegusii, tukicheka, wateja wakingoja. Kisha akapunguza sauti.

"Madam, kuna jambo nimetaka kukuuliza miaka mingi. Siku ile nilikosea wapi?"

Nikaanza kumwambia kwamba kusema kweli si kosa. Akatikisa kichwa.

"Hilo najua. Nauliza kile Kifaransa. Nyaboke aliniambia kilichosemwa kwenye paredi, kwamba nilichanganya maneno. Nimeyarudia kichwani siku zote na sioni nilipochanganya. Lakini labda sikujua vya kutosha kuona."

Nilimwambia ayaseme.

Pale pale, kati ya magunia ya chakula cha kuku, akasimama wima akayasema yote, polepole, sentensi baada ya sentensi, tangu kitanda hadi mlango. Mzee mmoja aliyekuja kununua chumvi ya ng'ombe alivua kofia, sijui kwa nini. Kerubo alipomaliza alinitazama jinsi mtoto anavyotazama kalamu nyekundu.

"Hakuna kosa," nikamwambia. "Hakukuwa na kosa hata moja."

Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Akageuka akaegemea rafu, mgongo ukitikisika, na mimi nikabaki nimesimama na chupa ya dawa mkononi. Baadaye alifuta uso kwa leso yake, akarudi nyuma ya kaunta, akamuuliza yule mzee ng'ombe wake ni wangapi.